Nilifika Lukaya kazi ya risasi imeisha

Watu wakijua nilikuwa Vita vya Kagera swali ni lilelile, mzee uliua wangapi. Bodaboda pale stendi wanauliza wakicheka, wajukuu wanauliza wakiwa siriasi kabisa macho yametoka. Nikiwaambia sikumuua mtu ila nilizika wengi wanaona nakwepa swali. Sasa leo nimeamua niandike ya siku moja tu, ile ya Lukaya kule Uganda, maana nyingine zote zilikuwa kutembea na kunyeshewa na kubeba, na hizo hazina mwenye hamu ya kuzisikia.

Mimi ni mtu wa Kondoa, pande za Kolo, kule kwenye ile michoro ya mapangoni. Mwaka 1978 nilishamaliza la saba zamani kidogo, nalima uwele na karanga na mzee, jioni namsaidia kusomesha watoto chuoni, kwasababu baba alikuwa mwalimu wa madrasa na ndo yeye alikuwa akiitwa mtu akifa kuanzia kwetu mpaka vitongoji vya mbali huko. Kwaiyo tangu mdogo nimebeba ndoo za maji ya kuoshea maiti, nimeshikilia shuka watu wasione, nimeshuka ndani ya kaburi kupokea. Ile kazi niliijua kama njia ya kisimani, hata usiku naenda.

Mwisho wa mwezi wa kumi majeshi ya Amini yakaingia Kagera, siku chache baadae wakalivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akaongea redioni, tulijazana kwa balozi wa nyumba kumi maana ndo alikuwa na redio yenye betri nzima, tukasikia kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Vijana wa mgambo walipiga kelele pale uani kuku wote wakakimbia. Mwezi huohuo malori yakaja yakachukua watu, kaka yangu mkubwa akapanda. Mimi nilikuwa nishachukua kishuka changu, baba akasema mmoja kwanza. Akasema vita ikiwa ndefu na wewe utakwenda, ikiwa fupi utakuwa umepanda uwele. Hakuwa muoga, alikuwa mtu wa mahesabu tu.

Nikapanda uwele. Mvua zikaja, tukafanya palizi ya kwanza, na mwisho wa Januari 1979 chama kikapita tena kusema wanaume wanahitajika bado, baba akaangalia shamba, akasema sasa nenda. Kipindi hicho wenzetu walikuwa washawatoa maadui Kagera na wameshavuka mpaka, Mutukula ilishachukuliwa. Wazee wengine walinicheka, wakasema huyu anakwenda kufagia. Neno hilo lilinikera njia nzima ila ngoja mtaona.

Mafunzo yalikuwa Tabora, wiki chache tu. Sisi mgambo tulishazoea kwata kijijini kwa bunduki za mti, sasa tukapewa SMG zenyewe tukajifunza kuifungua na kuifunga mpaka gizani, lakini kupiga shabaha tulipiga risasi za kuhesabu kwasababu risasi zilikuwa zinakwenda mbele zinakohitajika. Mkufunzi wetu alikuwa na msemo wake, kuruta risasi ni bei kuliko wewe. Alafu treni mpaka Mwanza, na Mwanza tukapakiwa kwenye meli ya MV Victoria kuelekea Bukoba. Jamani. Mtu wa Kondoa maji mengi aliyowahi kuyaona ni mto ukifurika masika siku mbili. Usiku kucha watu wanatapika, mwingine anasoma Yasini mwingine anamwita mama yake, na jamaa mmoja mvuvi wa Ukerewe amelala fofofo katikati yetu anakoroma.

Bukoba tukapandishwa malori. Mengi hayakuwa ya jeshi, yalikuwa ya watu binafsi yaliyochukuliwa kwa ajili ya vita, bado yana majina ya wenyewe milangoni, moja lilinuka samaki mpaka leo naweza kulitambua. Kyaka tukaona daraja limelala mtoni, tukavuka kwa lile la muda. Upande wa pili ndo nikaacha kuona ni kama safari. Nyumba hazina mabati, hazina milango, mabanda hayana hata mbuzi, kiwanda cha sukari kimeharibiwa. Watu walioanza kurudi walikuwa wanakaa kwenye viwanja vyao wanaangalia tu. Baada ya hapo ikawa miguu. Watu wanadhani jeshi letu lilienda Kampala kwa magari, wapi, kwa miguu bwana, na mzigo kichwani, na mvua za Machi.

Masaka tukaikuta imebomolewa. Ilichukuliwa mwishoni mwa Februari, na kwa kweli kile kilichofanyika Masaka kilikuwa na hasira za Kagera ndani yake, sitaki kuzunguka. Ghorofa zimekaa nusu. Tulilala humo kwenye duka la mtu, juu ya vioo.

Jioni ya tarehe 10 Machi tukaanza kusikia ngurumo upande wa kaskazini, tukajua ni radi, mvua si inanyesha kila siku. Sajini wetu akasimama akasikiliza, akasema hiyo siyo ya Mungu. Huyu sajini alikuwa Mkurya, mtu mfupi, kila mtu kwake ni mura, yaani kijana, hata luteni akikosekana karibu alikuwa anamwita yule mura. Usiku wakaanza kufika watu. Wengine wameumia, wengine wazima kabisa ila hawana bunduki, wameacha hukohuko, wamelowa mpaka shingoni kwasababu walipitia kwenye mafunjo. Walikuwa wa Brigedi ya 201, mgambo wengi kama sisi, wamechukuliwa mashambani kama sisi. Wakasema Waarabu wamekuja, wa Gadafi, na vifaru na zile roketi zinazotoka nyingi kwa pamoja, katyusha, anga nzima inakuwa nyekundu. Nasikia roketi nyingi zilipita juu zikaenda kuanguka nyuma huko, lakini mtu hajawahi kusikia kitu kama kile maishani utamwambia zimepita juu? Alikimbia. Nisingekaa mimi.

Hatukulala. Lakini Walibya nao hawakuendelea, walikaa Lukaya usiku ule badala ya kuja Masaka, na wakati wamekaa, Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ambayo ilikuwa mbali upande wa kaskazini magharibi ikageuzwa ikatembea usiku kucha kwenda kuwatokea kwa nyuma, barabara ya Kampala. Alfajiri ya tarehe 11 wakapigwa mbele na nyuma. Mimi hayo niliyajua baadae, wakati ule nilichojua ni kwamba mchana ngurumo zilikata, alafu akaja mtu wa pikipiki anacheka peke yake.

Kesho yake tukasogezwa. Kazi yetu ilikuwa kubeba mabomu ya mota, kichwani, kama kina mama wanatoka sokoni tu. Lukaya ni mji mdogo wa barabarani, mbele yake barabara imeinuliwa juu ya tuta inapita kwenye kinamasi cha mafunjo, ziwa liko mkono wa kulia mbali kidogo. Kwenye lile tuta ndo wafu walikuwa wamelala.

Sitaelezea sana. Siku ya pili, jua la pale, mvua usiku, nadhani mnaelewa. Tulifunga vitambaa puani, mtu wa Pangani tuliyekuwa nae akavunja majani ya mchaichai uani kwa mtu akatugawia tukayaweka ndani ya kitambaa, na hiyo ilisaidia kuliko chochote tulichopewa na jeshi. Wengi walikuwa miguu mitupu. Waliotutangulia walishapita, buti hamna, saa hamna, mikanda hamna. Buti yangu ya kushoto ilikuwa imefunguka mdomo tangu Mutukula, nikajikuta natazama miguu ya wafu nikitafuta saizi yangu, na nilichoona ni kwamba wenzangu wamewahi. Hata hapo nilichelewa.

Luteni alikuwa kijana, amesoma, akasema wote wazikwe leo, adui na yeyote, kwasababu ya magonjwa na kwasababu jeshi jingine litapita hapa kesho. Wa kwetu walikuwa washaondolewa tayari. Basi tukapewa masepeto na sululu na majembe yaliyookotwa kwenye nyumba, tukaanza pembeni ya tuta. Ukichimba goti moja maji yanakuja. Ukiyachota yanakuja tena. Sajini akatukana kwa Kikurya, akasema tupandeni juu kule penye migomba.

Kule juu akatoka mzee. Sijui alikuwa kajificha wapi, mji mzima watu walikimbia, yeye katoka kwenye mibuni amevaa kanzu na koti juu, mikono imeinuka. Tukamsalimia Kiswahili akazidi kutetemeka. Baadae ndo nilielewa, kule Buganda Kiswahili kilikuwa ni lugha ya askari wa Amini, mtu akikusemesha Kiswahili usiku maana yake anataka gari yako au mkeo. Ikabidi mwenzetu mmoja Mhaya wa Kanyigo aongee nae, maana Kihaya na Kiganda vinasikilizana kidogo. Mzee akawa anasema banange, banange, anaonyesha migomba. Mhaya akatafsiri, anasema pigeni nyumba yangu, chukueni matoke yote, ila msizike watu wasiojulikana kwenye shamba langu, hapa kuna makaburi ya baba zangu, mkiweka wageni watakuja watu siku moja kusema ardhi ni yao.

Sajini akasema mwambie hii ni vita. Luteni akasema subiri. Wakaongea pale kwa muda, mimi nimekaa juu ya sululu yangu nikashangaa kwamba katikati ya mambo haya yote mtu anatetea mpaka wa shamba, na nikaona ana haki kabisa, baba yangu angefanya vilevile. Mwisho mzee mwenyewe akatuongoza mpaka sehemu ya chini kidogo, nje ya mibuni yake, penye kichuguu kikubwa na vichaka, udongo mwekundu mkavu. Akasema hapa si pa mtu. Alafu akaenda akarudi na jembe lake akaanza kukata vichaka.

Tukachimba handaki refu. Tulibeba kutoka barabarani kwa bati lililong'oka kwenye paa la duka, watu wanne, wawili mbele wawili nyuma, bati lilikuwa linakata mikono tukazungushia magunia. Kuna askari mmoja, mtu wa Songea, rafiki yake aliuawa usiku ule wa roketi, akakataa kubeba. Akakaa kwenye tuta kavuta sigara. Sajini akamwangalia, sote tukasubiri atamfanya nini, akampita. Hakuja mpaka tunamaliza na hamna aliyemuuliza.

Tulivyoanza kuwashusha nikamwona mtu anamtupa mmoja kichwa chini. Ikanitoka tu, nikasema, sio hivo. Kwa sauti. Sajini akageuka, wewe mura unasemaje? Nikamwambia afande hawa Walibya ni Waislamu, kuna namna. Akaniuliza wewe unaijua hiyo namna? Nikamwambia kazi ya baba yangu. Akaenda kwa luteni, nikajua tayari, nitakula adhabu mbele ya watu. Luteni akaja, akaangalia saa, akasema una mpaka saa kumi, ukichelewa nafukia.

Sasa hapo ndo nikaanza kufikiri, na nilikuwa peke yangu kwenye kufikiri. Kwanza kibla. Kwetu ni kaskazini. Hapa pia lazima iwe kaskazini, tumepanda ziwa tu. Lakini kaskazini ni wapi? Mawingu yalikuwa yamefunguka, jua liko utosini kabisa, kivuli chako kiko chini ya miguu huwezi kukisoma, maana pale mstari wa Ikweta unapita jirani hapo mbele na ule ni mwezi wa Machi. Nikakumbuka asubuhi jua lilitokea upande wa ziwa. Basi ziwa mkono wa kulia, uso kaskazini, vichwa upande wa ziwa, walazwe ubavu wa kulia. Handaki tulilichimba mshazari. Nikaomba lipanuliwe upande mmoja ili walale sawa, watu wakaninung'unikia, nikawaelewa, ila wakapanua.

Pili kuosha. Maji yapo, kinamasi kizima, lakini muda hamna na miili ilikuwa imefika mahali ambapo hata baba angesema acha. Nikasema mtu wa vitani anazikwa na nguo zake, hii naijua, basi tusioshe. Sanda hamna, nguo zao ndo sanda. Tatu, nani ni nani? Wale weupe ni rahisi. Lakini Gadafi alileta na watu weusi, jeshi lake lingine lile la kutoka nchi mbalimbali, na askari wa Amini nao wamo, kuna Wanubi Waislamu, kuna Wakristo, na wote wameshakuwa rangi moja. Luteni akasema weka wote. Nikaweka wote namna moja.

Mgogo mmoja wa Mpwapwa, mtoto wa mchungaji wa Anglikana, akaniuliza kwahiyo Wakristo umewalaza Kiislamu? Nikamwambia na wewe una muda mpaka saa kumi. Akacheka, akavua kofia, akaenda mwisho wa handaki akasema Baba Yetu, sauti ya kwaya kabisa, na watu kama watano wakamfuata. Alafu akarudi akashika sepeto.

Mimi nikashuka kinamasini nikatia udhu kwenye maji ya mafunjo, nikapanda, nikasimama mbele. Nyuma yangu wakaja yule wa Pangani, wawili wa Kigoma, dereva mmoja wa lori kutoka Singida, na yule mzee Mganda na koti lake, kumbe Mwislamu, alikuwa hajasema muda wote. Sijawahi kuongoza swala ya watu wazima kabla ya hapo. Nikanuia kimoyomoyo, namswalia yeyote humu aliye Mwislamu, Mungu anawajua. Takbira nne, hamna kurukuu, salamu. Yule wa Pangani akaninong'oneza kwamba dua ya takbira ya tatu nimeikata nusu. Watu wa pwani bwana, hata pale!

Tukafukia. Sajini akanipa sigara na mimi sivuti, nikaichukua. Kuanzia siku hiyo mpaka tunaachana aliniita shehe, ile mura ikaisha. Na jambo jingine, baada ya hapo kila penye kazi ya namna hiyo nikawa naitwa mimi. Wenzangu walisonga Mpigi, Entebe, tarehe 11 Aprili redio ikasema Kampala imeanguka, mimi niko nyuma na kikundi changu cha masepeto. Wale wazee wa Kolo walisema nakwenda kufagia, na sijui walijuaje.

Baadae nilikuja kusikia kwamba wale Walibya wengine hawakuwa hata askari kamili, walikuwa wanamgambo, na wengine waliambiwa wanakwenda mafunzoni tu. Nilivyosikia hivo nilikaa kimya. Kuna mmoja alikuwa na mikono ya mkulima, hiyo naikumbuka kwasababu niliikunja mimi.

Nilirudi nyumbani mwisho wa mwaka. Kaka alikuwa karudi kabla yangu na redio ya National, sikumuuliza ametoa wapi, kijiji kizima kilihamia kwetu jioni. Mimi nilirudi na kombati na fangasi za miguu. Na ng'ombe hamna! Nimeondoka nimeacha zizi limejaa, narudi zizi limeota majani, HADO, wale wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wameondoa mifugo yote ule mwaka kwa ajili ya yale makorongo, ili ardhi ipone. Sabuni hamna dukani, sukari hamna, Mwalimu kasema tufunge mikanda miezi 18. Mikanda yenyewe wengine hatukuwa nayo.

Usiku wa kwanza nikamsimulia baba ya Lukaya. Nilidhani atafurahi. Akanihoji mpaka taa ikaisha mafuta. Maji ya udhu yalibadilika rangi? Harufu? Nikamwambia ya kinamasi. Akasema kinamasi sawa, nauliza yalikuwa na damu? Vichwa mashariki? Vizuri. Hukuosha? Sikuosha, nikasema ni watu wa vitani. Lakini ukaswali? Nikaswali. Akapiga goti lake kwa kiganja. Mwanangu, sisi ni Mashafii, watu wa madhehebu ya Shafi, ukisema ni shahidi aliyefia vitani, humuoshi na humswalii. Ukisema si shahidi, unamuosha na unamswalia. Wewe umeshika huku na umeshika huku. Nikamwambia baba palikuwa na mtu ana saa mkononi. Akasema hilo ndilo linakuokoa. Nilipomwambia nilivyonuia, yeyote humu aliye Mwislamu, akanyamaza, akaniuliza nani alikufundisha hiyo? Nikasema hamna mtu. Akasema hiyo ndiyo yenyewe, imo kitabuni. Nadhani ndo mara pekee aliwahi kunisifia na alifanya akiwa amekasirika.

Ila hakutulia. Ijumaa akasimama msikitini akasema anataka iswaliwe swala ya ghaibu, ile ya maiti aliye mbali, kwa maiti waliozikwa na mtoto wake, kwasababu ya kwanza ina shaka. Msikiti ukachemka. Mwenyekiti wa kijiji akasema mwalimu, hao ni wa Gadafi, walikuja kumsaidia nduli, tutaandikiwa barua na wilaya. Baba akasema barua nitaipokea mimi. Mzee mmoja akainuka akatoka. Huyo mwanae alikufa kule mbele, tuliambiwa kazikwa Kaboya, makaburi ya jeshi kule Kagera, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuona kaburi. Baba akaahirisha, akasema kaeni, tukaswali Ijumaa yetu tukatawanyika.

Nikamkuta yule mzee nje kwenye msingi wa msikiti. Akaniita, akaniambia kaa hapa nieleze vile ulivyowafanya. Nikaanza kumwambia kwa kifupi, akasema hapana, moja baada ya jingine. Nikamwambia ya bati na magunia, ya kichuguu, ya jua, nani alishika kichwa nani alishika miguu. Akauliza, na hao wenzako wa kule Kaboya, walikuwapo watu wanaojua kama wewe? Nikamwambia mzee, kwenye kikosi chetu tu tulikuwepo watano sita, jeshi zima watakosekana? Akauliza hata Mkristo angemlaza vizuri? Nikamwambia habari za yule Mgogo. Akataka nirudie ya Mgogo.

Ijumaa iliyofuata akafika mapema kuliko wote, akamwambia baba swalisha, ila taja jina la kijana wangu kwanza hao wengine wafuate. Baba akafanya hivo. Mwenyekiti hakuingia safuni, alikaa nje chini ya mkuyu na madaftari yake anatusubiri tumalize, kwasababu kulikuwa na mkutano wa kijiji kuhusu watu waliokuwa wanarudisha ng'ombe usiku kwa siri, na tulipotoka tu ukaanza, wakagombana mpaka magharibi, na yule mzee ndo aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote maana wawili kati ya wale ng'ombe walikuwa wake.